Kukaa pembeni ya dirisha: ukitoka Bunia kwa ndege, upande gani unaona nini

Ukipanda ndege ndogo Bunia kwenda Beni, safari inachukua karibu nusu saa tu. Mwenye amekaa mkono wa kushoto anaweza kuona theluji ya Rwenzori. Mwenye amekaa mkono wa kuume anaona pori la Ituri na barabara RN4. Wote wawili wamelipa tiketi ya bei moja, wametoka kwenye pisti moja, lakini wakishuka ni kama walipita inchi mbili tofauti.

Watu wengi wa jimbo letu wanapanda ndege siyo juu ya starehe. Tangu miaka, RN4 kati ya Komanda, Luna na Eringeti imekuwa barabara ya mashaka kwa sababu ya mashambulio ya ADF. RN27, yenye inatoka Bunia kupitia Djugu kwenda Mahagi, nayo imefungwa na kufunguliwa mara nyingi kwa sababu ya vita vya makundi yenye silaha, CODECO na mengine. Hata baada ya hali ya dharura ya kijeshi kuanza Mei 2021 katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, familia nyingi zinakusanya franga za tiketi kwa sababu hazitaki kuhatarisha mtoto au mgonjwa barabarani. Mfanyabiashara, mwanafunzi, mama mwenye anapeleka mtoto hospitali: wengi wao wanapanda ndege kwa mara ya kwanza kwa namna hiyo.

Basi, kama unalazimika kuruka, uone inchi yako. Ni nafasi ya kuelewa kwa macho mambo tunayoyasikia kila siku kwenye habari: milima, ziwa, pori, machimbo na barabara. Haya ndiyo maelezo kwa kila njia, na namna ya kupata kiti kizuri bila kugombana na mtu.

Kwanza: kushoto na kuume maana yake nini

Ndani ya ndege, kushoto na kuume vinahesabiwa ukiwa umekaa na kuangalia mbele, kule kwenye piloti yupo. Ukikosea hapo, kila kitu kinageuka. Jambo la pili: ukienda na ukirudi, pande zinabadilishana. Kama Rwenzori ilikuwa mkono wa kushoto wakati wa kwenda Beni, wakati wa kurudi Bunia itakuwa mkono wa kuume.

Katika ndege kubwa zenye namba za viti, herufi A ni dirisha la mkono wa kushoto. Herufi ya mwisho ya mstari ndiyo dirisha la mkono wa kuume: F kama viti ni vitatu kwa vitatu, mara nyingi D kama ni viwili kwa viwili. Ndege kama Airbus A320 au Boeing 737 zina viti vitatu kila upande. ATR na Dash 8 zina viwili kila upande.

Bunia kwenda Beni: mkono wa kushoto

Ndege inaelekea kusini-magharibi, karibu kilomita 140, mpaka uwanja wa Mavivi, kaskazini mwa mji wa Beni. Mkono wa kushoto ndio wenye utajiri. Kwanza unaona vilima vya Irumu upande wa Gety, kisha nchi ya Boga. Hapo Boga ndipo Apolo Kivebulaya, mhubiri kutoka Uganda, alifika mwaka 1896, na ndipo alizikwa mwaka 1933.

Nyuma ya vilima hivyo nchi inashuka. Ile ni bonde la Semliki, sehemu ya Bonde la Ufa. Mto Semliki unatoka Ziwa Edouard, unazunguka Rwenzori upande wa magharibi, halafu unaingia Ziwa Albert. Kutoka juu, mto unaonekana kama kamba mtu ametupa chini bila kunyoosha: unajikunja, unarudi, unajikunja tena. Ni kwa sababu uwanda huo ni tambarare sana na maji hayana haraka. Mahali fulani mto huo ndio mpaka wetu na Uganda.

Kisha Rwenzori. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Ni mlima wa tatu kwa urefu Afrika, nyuma ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Kutoka Mavivi ni kilomita karibu 50 tu. Ndege ndogo inaruka chini kuliko kilele hicho au karibu naye, kwa hiyo usiangalie chini: angalia mbele kidogo na juu, kwa usawa wa macho. Wengi wanakosa mlima kwa sababu wanatafuta chini, na wengine wanaona weupe wanafikiri ni wingu. Wingu linabadilika sura. Theluji inabaki pale, na pembeni yake kuna jiwe jeusi.

Theluji hiyo inaisha. Mwaka 1906, wakati Mwitaliano Luigi Amedeo, mtawala mdogo wa Abruzzi, alipanda vilele vile na kukipa kimoja jina la malkia Margherita, barafu ya Rwenzori ilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 6.5. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 2003, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua kwa sababu ya joto la dunia. Wakonjo wa Uganda, ndugu za Wanande wetu, wana ufalme wenye jina la Rwenzururu, jina lenye linatokana na theluji hiyo. Kama unasafiri na mtoto, mwachie yeye dirisha. Anaweza kuwa katika kizazi cha mwisho chenye kitasema: mimi niliona theluji ya Rwenzori kwa macho yangu.

Na mkono wa kuume? Usisikitike kama umewekwa pale. Utaona Komanda, njia panda ya RN4 na RN27, kisha mlima Hoyo wenye mapango yake, na nyuma yake pori lenye halina mwisho mpaka kwenye upeo wa macho. RN4 inaonekana kama mstari mwekundu ndani ya kijani. Kuna familia zenye zimepoteza mtu kwenye mstari huo. Kama jirani yako ananyamaza akiangalia chini, mwachie nafasi yake.

Bunia kwenda Entebbe: pande zote mbili, lakini dakika za kwanza

Hapa ndege inaelekea mashariki, ikishuka kidogo kusini, karibu kilomita 300. Uzuri wote uko katika dakika za kwanza, kwa hiyo usilale na usianze kutafuta kitu ndani ya saki.

Bunia iko kwenye mita karibu 1,250 juu ya bahari. Mara tu mkishapanda, mnapita Milima ya Buluu, ile yenye Wafaransa wanaita Monts Bleus. Halafu ghafla nchi inaanguka: Ziwa Albert liko kwenye mita karibu 620 tu. Ni ukuta wa Bonde la Ufa, na kutoka angani ndipo unaelewa kwa nini gari ya samaki inayotoka Kasenyi au Tchomia inapanda kwa shida hivyo mpaka Bunia.

Mgongo wa milima ile ni mpaka wa maji pia. Mvua inayonyesha upande wa Bunia inaingia mto Shari, Shari inaingia Ituri, Ituri inakuwa Aruwimi, Aruwimi inaingia mto Kongo na kufika bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha upande wa pili wa mlima, pengine kwa umbali wa kutembea kwa miguu, inashuka Ziwa Albert, inaingia Nili, inapita Sudani ya Kusini, Sudani na Misri, na kufika bahari ya Mediterania. Mnapita juu ya mgongo huo kwa dakika moja au mbili.

Mkono wa kushoto utaona ziwa likijinyoosha kuelekea kaskazini. Lina urefu wa karibu kilomita 160 na upana wa karibu 30, kwa hiyo mwisho wake hauonekani. Mwingereza Samuel Baker ndiye alilipa jina la Albert mwaka 1864. Wakati wa Zaire liliitwa ziwa Mobutu Sese Seko. Mkono wa kuume utaona mwisho wa ziwa upande wa kusini, kule Semliki inaingia na matope yake, na kama hakuna mawingu, Rwenzori kwa mbali, nyuma kidogo ya bega lako.

Mkifika ng'ambo ya Uganda, angalia pwani chini ya mteremko: hapo Buhuka, katika wilaya ya Kikuube, ndipo kuna kazi za mafuta ya petroli za mradi wa Kingfisher. Ziwa ni moja, samaki ni wale wale, mpaka unapita katikati ya maji. Kwa wavuvi wa Tchomia na Kasenyi, kazi hizo siyo habari ya nchi nyingine.

Usisahau saa: Uganda iko saa moja mbele yetu. Ukitoka Bunia saa tatu asubuhi, Entebbe ni saa nne.

Bunia kwenda Mahagi na Aru: mkono wa kuume

Ndege inaelekea kaskazini. Mkono wa kuume utaona vilima vya Djugu vimepangana kama migongo ya ng'ombe, na nyuma yake, siku yenye hewa ni safi, mwanga wa Ziwa Albert. Utaona pia mahali watu wamejikusanya: nyumba ndogo zilizopangwa karibu karibu, mahema meupe, paa zinazong'aa. Nyingi ya hizo ni kambi za wahami. Mkono wa kushoto, mbali kidogo, ni upande wa Mongbwalu na Kilo, kule dhahabu inachimbwa tangu mwanzo wa miaka ya 1900. Machimbo yanajulikana kwa rangi: maji ya kahawia, udongo uliogeuzwa, miti imetoka.

Bunia kwenda Kisangani: mkono wa kuume kwa pori, kushoto mwishoni

Hii ni safari ndefu zaidi, karibu kilomita 570 kuelekea magharibi, na mara nyingi ndege kubwa ndiyo inafanya kazi hiyo kabla ya kuendelea Kinshasa. Ndege inapanda juu sana, kwa hiyo utaona pori kama zulia. Mkono wa kuume ndio upande wa Epulu na Hifadhi ya okapi, yenye iliwekwa mwaka 1992 na kuingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996. Okapi mwenyewe hutamwona, lakini utaona ukubwa wa nyumba yake: kilomita za mraba karibu 13,700. Wakati mnakaribia Kisangani, mto Kongo uko upande wa kusini, ni kusema mkono wa kushoto kama ndege inaingia moja kwa moja. Upana wa maji yale unashangaza hata mtu aliyezaliwa pembeni ya ziwa.

Na Goma?

Wenye walizoea njia ya Bunia–Goma wanajua kwamba ilikuwa kati ya njia nzuri kuliko zote: Rwenzori, Ziwa Edouard, hifadhi ya Virunga yenye iliundwa mwaka 1925, mpaka volkano ya Nyiragongo na mita zake 3,470. Uwanja wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025 wakati M23 iliingia mjini. Mtu asikuuzie ahadi: uliza kampuni ya ndege yenyewe kabla ya kutoa pesa. Kwenye karata, mstari wa moja kwa moja kati ya Bunia na Goma unapita karibu juu ya Rwenzori na Ziwa Edouard penyewe, kwa hiyo upande wa kuona unategemea njia yenye piloti anachagua siku hiyo.

Aina ya ndege inabadilisha kiti kizuri

Cessna Caravan na Let 410, zenye tunaziona sana Bunia, zina mabawa juu ya madirisha. Bawa halikuzuii kuona chini. ATR na Dash 8 nazo ni hivyo. Lakini kiti chenye kiko sawasawa na injini kitakuonyesha pangaboi au tairi kuliko mlima. Chagua mbele yake au nyuma kabisa.

Airbus na Boeing mabawa yake yako chini. Ukikaa katikati, utaona bawa tu safari nzima. Kaa mbele ya bawa. Ukikaa nyuma, utaona vizuri pia, ila moto wa injini unaweza kufanya picha iwe kama inacheza.

Jambo moja la maana kwa ndege ndogo: viti havichaguliwi kama ndani ya basi. Wanakupima kilo wewe na mzigo wako, na piloti au wenye kazi wanapanga watu ili uzito ukae sawa. Ukipewa kiti, unaweza kuomba kingine kwa heshima kabla ya kuruka, lakini ndege ikishaondoka usihame juu ya kutafuta picha. Agosti 2010, Let 410 ilianguka karibu na Bandundu, watu 20 wakafa na mmoja tu akapona. Masimulizi yaliyotangazwa baadaye yalisema kwamba abiria walikimbilia mbele kwa woga na ndege ikapoteza usawa. Theluji haina thamani ya roho ya mtu.

Saa gani, mwezi gani

Asubuhi mapema ndiyo saa nzuri. Jua likishapasha nchi, mvuke unapanda na Rwenzori inajifunika, mara nyingi kabla ya saa sita. Kuna shida moja: asubuhi jua liko mashariki, upande ule ule wa mlima, kwa hiyo litakupiga machoni na picha itakuwa nyeusi kidogo. Mchana mwanga unaupiga mlima vizuri kutoka magharibi, lakini mawingu yamekwisha kuufunika. Kati ya mwanga na mawingu, chagua kukimbia mawingu: chukua ndege ya asubuhi.

Kwa mwaka, Desemba mpaka Februari na Juni mpaka Julai kuna mvua kidogo. Lakini katika kiangazi cha mwanzo wa mwaka watu wanachoma majani, moshi unajaza bonde, na ziwa linaonekana kama ndani ya maziwa. Siku nzuri kuliko zote ni asubuhi baada ya mvua ya usiku: mvua imeosha hewa.

Namna ya kuomba kiti

Fika mapema. Kwenye ndege bila namba, anayeingia kwanza ndiye anachagua, kama uzito unaruhusu. Kuwa na kitambulisho chako mkononi, karata ya uchaguzi au pasipoti, na lipa Go-Pass mapema, ili usibaki nyuma kwa ajili ya karatasi. Kwenye ajensi, wakati wa kununua tiketi, sema wazi: naomba dirisha, mkono wa kushoto. Usiseme tu dirisha.

Kama mzee au mgonjwa anahitaji kiti chako, mwachie. Na kama umekaa dirishani na jirani yako anapanda ndege mara ya kwanza, rudi nyuma kidogo na kichwa chako ili naye aone. Mtu mwenye kuogopa anapata nguvu akiangalia mbali, kwenye upeo, kuliko akiangalia chini au kufunga macho.

Picha: unachopiga na unachoacha

Kwenye uwanja wa ndege usipige picha: si pisti, si ndege za jeshi, si askari, si magari ya MONUSCO. Watu wamekamatwa na telefoni kuchukuliwa kwa jambo hilo. Telefoni iweke kwenye hali ya ndege kabla ya kuruka. Ukiwa angani uliza kwanza wafanyakazi wa ndege kama inaruhusiwa. Milima na ziwa kwa kawaida siyo tatizo.

Lakini fikiri kabla ya kutuma kwenye WhatsApp. Picha yenye inaonyesha kambi ya wahami, kituo cha jeshi au njia mpya ndani ya pori inaweza kumfikia mtu mbaya. Wewe uliona uzuri. Mwingine anaona mahali pa kushambulia. Tuma mlima, weka kambi kwako.

Ukipiga, gusisha telefoni karibu sana na kioo bila kuisukuma, zima mwanga wa flashi, na vaa nguo yenye rangi nyeusi ili usijione mwenyewe ndani ya kioo.

Kwa kifupi

- Bunia–Beni: kwenda kushoto, kurudi kuume (Rwenzori, Semliki).
- Bunia–Entebbe: kushoto kwa urefu wa ziwa, kuume kwa Semliki na Rwenzori. Kurudi, geuza, na uwe macho dakika za mwisho.
- Bunia–Mahagi–Aru: kwenda kuume, kurudi kushoto (vilima vya Djugu, Ziwa Albert).
- Bunia–Kisangani: kuume kwa pori la okapi, kushoto kwa mto Kongo.
- Ndege ya asubuhi, mbele ya bawa au mbali na injini, na usihame kiti ndege ikiwa hewani.